Vidude vya kupunguza mafuta na moshi kwenye gari: tuvichambue kifundi (Vitz, IST, Noah, Hiace)

Nozeli Safi

Assalaam alaykum wakuu. Kuanzia Darajani mpaka Mwanakwerekwe, na kwenye status za simu, vinauzwa vidude vinavyodaiwa kupunguza mafuta kwa asilimia 15, 25, hata 35 na kusafisha moshi. Kila ZURA (mamlaka inayodhibiti bei ya mafuta Zanzibar) ikitangaza bei mpya na bei ikapanda, biashara hii nayo inachangamka. Nafungua uzi tuvitazame kimoja kimoja, kila mtu alete anachokijua kwa vipimo.

Kwanza tuelewe injini inavyojipimia mafuta, maana asiyelijua hili kila tangazo litamuingia. Gari za nozeli (Vitz, IST, Raum, Probox na wenzao) zina sensa ya oksijeni kwenye bomba la moshi, kabla ya masega (kile kisafisha moshi cha kauri chenye vitundu). Injini ikishapata moto, kompyuta inaisoma sensa hiyo muda wote na kurefusha au kufupisha muda wa nozeli kufunguka, ili mchanganyiko ubaki gramu 14.7 za hewa kwa gramu 1 ya petroli. Sensa ya kawaida ikikaribia volti 0.9 mafuta yamezidi, ikishuka karibu na 0.1 mafuta yamepungua. Ukifunga kitu kinachoongeza hewa kidogo, kompyuta inaongeza mafuta kufidia. Kikiongeza mafuta, inapunguza. Mchezo unarudi pale pale.

La pili ni lile neno la "kinaunguza mafuta yote". Injini ya petroli isiyo na hitilafu tayari inaunguza zaidi ya asilimia 98 ya mafuta yanayoingia, na masega yanamalizia kilichobaki. Hakuna asilimia 25 iliyojificha hapo. Petroli inapotea kwa njia ya joto: takriban robo tu ya nishati yake ndiyo inayosukuma gari, nyingine inatoka na moshi, inatoka kwenye rejeta na kuliwa na msuguano. Hakuna kidude cha kuchomeka kinachogusa hasara hiyo.

EPA, shirika la mazingira la Marekani, limeshapima au kutathmini vidude zaidi ya 100 tangu miaka ya 1970. Vichache sana vilionyesha nafuu, nayo ndogo, na baadhi viliongeza moshi.

Mtu wa Fuoni

Sheikh, na kile cha kuchomeka kwenye tundu la OBD (la kuunganishia mashine ya kupimia gari) chini ya usukani, chenye taa zinazometameta? Wauzaji wanasema ukimbie kwanza kilomita 200 kijifunze uendeshaji wako.

Nozeli Safi

Hicho ndicho chepesi kuliko vyote kukichunguza. Ingiza bisibisi bapa nyembamba kwenye mshono wa kasha, zungusha kidogo, kitaachia. Halafu tazama pini. Tundu la gari lina nafasi 16: 4 na 5 ni ethi (upande hasi), 16 ni umeme wa betri wa moja kwa moja, 6 na 14 ni njia ya CAN (mtandao ambao kompyuta za gari zinazungumzia), 7 ni K-line, njia nyengine ya mawasiliano. Kitu kinachotaka kuzungumza na gari kwa CAN lazima kiwe na chipu ya kutuma na kupokea ishara za CAN. Mwaka 2017 wataalamu wa usalama wa kompyuta walikifungua kile kinachoitwa Nitro OBD2. Walikuta saketi ya umeme, kitufe, chipu moja na taa tatu. Chipu ya CAN haimo. Wakakichomeka huku wanasikiliza mawasiliano ya gari, na hakikutuma hata neno moja.

Tena IST na Vitz nyingi za mwanzo wa miaka ya 2000 tulizozipata kutoka Japani hazitumii CAN kwenye tundu hilo. Pini 6 na 14 hazina mtu upande wa pili.

Hata kingekuwa na chipu halali, ramani ya mafuta imo ndani ya kumbukumbu ya kompyuta ya gari. Kuibadilisha kunahitaji programu ya injini ile ile, siyo kitu kimoja cha magari yote.

Madhara yapo. Pini 16 haizimwi na swichi. Kidude kikila miliampea 30 tu, gari ikilala wiki mbili wakati mwenyewe yuko Pemba au Dar, ni karibu ampea-saa 10 zimeondoka. Betri ndogo ya Vitz ni kama ampea-saa 35. Ikiwa ilishachoka, asubuhi haiwashi.

Bi Alteneta

Naongezea vile vya kwenye tundu la kuwashia sigara, vinavyosemwa "vinasawazisha umeme". Ndani mna kapasita ndogo, rezista na taa. Alteneta ina regyuleta yake inayoshika volti 13.5 mpaka 14.5, na betri yenyewe inameza mawimbi ya umeme kuliko kapasita ile mara nyingi sana. Hakuna kazi iliyobaki kufanyika.

Ila nyaya za ethi zinazouzwa kama seti, hizo nazitenga, kwa sababu kwetu kuna chumvi. Gari inayolala Bububu, Nungwi au Jambiani karibu na pwani, waya wa ethi kati ya betri na bodi, na ule wa kutoka injini kwenda bodi, unaoza chini ya boliti bila kuonekana. Ethi ikiwa mbovu, sensa zinapotosha na koili zinatoa cheche dhaifu. Mtu akifunga seti ile gari inapona kweli, akadhani amepata siri ya mafuta. Kumbe alikuwa na waya mbovu.

Kipimo chake: mita kwenye volti za DC, ncha moja kwenye nguzo hasi ya betri yenyewe (siyo kwenye kibano), nyengine kwenye chuma tupu cha injini. Mtu apige stata. Ikisoma zaidi ya volti 0.2, ethi haipitishi vizuri. Fungua, piga msasa mpaka chuma king'ae, kaza, halafu paka grisi juu. Usipake kabla ya kukaza. Waya ukiwa wa kijani ndani ya plastiki, kata wote ubadilishe, milimita za mraba 16 zinatosha kwa gari ndogo.

Chake Moja

Huku Pemba sumaku za kufunga kwenye mpira wa mafuta zinasifiwa sana. Na kuna jamaa wa daladala ya Hiace anataka kufungiwa mtungi wa maji unaotoa haidrojeni. Wajuzi mnasemaje?

Nozeli Safi

Sumaku haina mazungumzo marefu. Petroli na dizeli hazivutwi na sumaku kwa kiwango chochote cha maana, na hazina hivyo "vifungu" ambavyo wauzaji wanadai sumaku inavitawanya. Kazi ya kuvunja mafuta kuwa ukungu ni ya nozeli, na kwenye IST au Vitz yenye injini ya 1NZ inafanyika kwa presha ya psi 44 mpaka 50. Angalia tu zile tai za kufungia zisisuge mpira. Mpira wa mafuta ukichubuka karibu na eksozi ni hatari ya moto.

Haidrojeni namwachia Bi Alteneta.

Bi Alteneta

Tufanye hesabu, mwenye kikokotoo anifuate.

Mtungi wa kawaida una bati 7, yaani vyumba 6 vilivyofuatana, kila kimoja kinapata kama volti 2. Tuseme unakula ampea 10. Kwa kanuni ya Faraday, ampea 1 kwenye chumba kimoja inatoa takriban lita 0.63 za gesi mchanganyiko kwa saa. Vyumba 6 kwa ampea 10 ni lita 38 kwa saa. Humo haidrojeni ni theluthi mbili, lita 25. Haidrojeni ina nishati ya kilojuli 10.8 kwa lita, kwa hiyo saa nzima umepata kilojuli 270. Lita moja ya petroli ina kama 32,000. Umepata sawa na mililita 8 za petroli kwa saa, chini ya vijiko viwili vya chai.

Umetoa nini? Volti 14 mara ampea 10 ni wati 140, kwa saa ni kilojuli 504 za umeme. Alteneta inageuza kama asilimia 55 tu ya nguvu inayopewa, na injini inageuza kama robo ya petroli. Rudi nyuma mpaka kwenye tangi: zaidi ya kilojuli 3,600, yaani mililita 115 za petroli. Umechoma 115 upate 8.

Tena ile chumvi wanayotia kwenye maji ni kastiki soda au potasiamu haidroksaidi. Inaunguza ngozi na macho, na mvuke wake ukivutwa kwenye njia ya hewa unakula alumini ya throto (mlango wa hewa wa injini). Gesi yenyewe ni haidrojeni na oksijeni tayari kwa pamoja, cheche moja inatosha. Mtungi ukiunganishwa umeme wa moja kwa moja bila rilei inayozima injini ikizima, gesi inajaa chini ya boneti gari imeegeshwa juani.

Ami Kabureta

Hapo pana jambo halisemwi. Wanaofunga mitungi hiyo kwenye gari za petroli mara nyingi wanafunga na kisanduku kidogo kwenye waya wa sensa ya oksijeni. Hicho kinaongeza volti kwenye ishara ya sensa, kompyuta idhani mafuta yamezidi iyapunguze. Ndipo matumizi yanaposhuka kidogo kweli, na sifa inapewa maji. Kinachofanya kazi ni udanganyifu wa sensa, na gharama yake iko mbele: injini inakosa nguvu, dereva anakanyaga zaidi, inaanza kukosa mapigo kwenye mlima, moshi wa naitrojeni unaongezeka, na valvu za eksozi zinapata joto kuliko kawaida. Mapigo yakikosa, petroli mbichi inafika kwenye masega na kuungua humo humo mpaka kauri inayeyuka.

Ukinunua gari ya mtu, fuata waya wa sensa ya kwanza kutoka kwenye bomba mpaka kwenye soketi yake. Ukikuta umekatwa na kuungwa kwa tepu, chunguza kabla ya kulipa.

Hiace za dizeli za zamani hazina sensa hiyo. Moshi mweusi pale maana yake mafuta yamezidi hewa: fungua chujio la hewa, kisha nozeli zipelekwe kwa fundi wa pampu zipimwe presha ya kufungukia na umbo la ukungu. Nozeli inayodondosha haitibiwi na kidude chochote.

Mtu wa Fuoni

Na ile feni ndogo ya bati inayowekwa kwenye mpira wa hewa? Na vidonge vya kutia tangini?

Ami Kabureta

Feni haina mota, inasimama tu kwenye njia ya hewa na kuiziba. Ikiwekwa kabla ya sensa ya hewa inavuruga usomaji, ikiwekwa baada yake bati likikatika linaelekea kwenye throto. Iondoe.

Vidonge: vingine ni naftalini, kitu kile kile cha nguoni, na vingine vina madini ya chuma. Ya chuma yanaacha ukoko mwekundu kwenye plagi, na plagi yenye ukoko huo inavuja umeme. Plagi za 1NZ ukizifungua ukazikuta nyekundu kama matofali, uliza tangi limetiwa nini. Futa au badilisha, pengo liwe milimita 1.1, kaza kwa Nm 18 injini ikiwa baridi.

Chake Moja

Swali la pili. Wapo mafundi wanaotoa masega wakisema gari inapumua na inapunguza mafuta.

Nozeli Safi

Masega mazima hayali mafuta. Kabla yake kuna sensa inayoamua mchanganyiko, baada yake kuna sensa ya kuyakagua tu. Ukiyatoa, ile ya pili inaona moshi mbichi, taa ya injini inawaka na namba ya hitilafu P0420, na mafuta yanabaki vile vile. Kinachobadilika ni moshi: masega mazima yanapunguza kaboni monoksaidi, petroli isiyoungua na oksaidi za naitrojeni kwa zaidi ya asilimia 90. Yakitoka, vyote vinatolewa kwenye foleni ya Darajani ambako watu wanatembea kwa miguu na watoto wanatoka skuli. Wanaoyataka wanayataka kwa platini, paladiamu na rodiamu zilizomo ndani. Fundi akikutolea bure, fahamu amelipwa na masega yenyewe.

Yakiziba ni jambo jengine, gari inakuwa nzito na inakula kweli. Lakini pima kwanza. Fungua sensa ya kwanza injini ikiwa vuguvugu, funga geji ya presha kwenye tundu lake. Sailensi (injini inanguruma bila kukanyagwa) isizidi psi 1.5, na ukipandisha mpaka mizunguko 2,500 isizidi 3. Ikizidi, yameziba. Na hayazibi yenyewe, kuna injini inayokula oili au plagi na koili mbovu nyuma yake. Tibu hiyo kwanza, la sivyo masega mapya yatakufa vile vile.

Mtu wa Fuoni

Sasa mtu gari yake inakula kweli. Aanzie wapi?

Ami Kabureta

Aanzie kwenye themostati, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Sababu hii nnaiweka mbele kwa makusudi, maana Unguja na Pemba kuna tabia ya kuitoa gari ikichemsha mara moja, kwa hoja kwamba huku joto. Bila themostati maji yanazunguka muda wote, na barabara ya wazi kama ya Mjini kwenda Paje injini inabaki chini ya joto lake. Kompyuta inasoma injini baridi, inaongeza mafuta kama vile ndiyo kwanza imewashwa, sailensi inakaa juu. Oili haipati moto wa kukausha unyevu, ndipo unapoona povu la rangi ya maziwa chini ya kifuniko cha oili. Gari nyingi ndogo hazina mshale wa joto, zina taa ya buluu tu. Ikichelewa sana kuzima, au ikirudi njiani, shuku hapo.

Kuipima ni kazi ya jikoni. Ifunge uzi, itumbukize kwenye sufuria ya maji isiguse kitako, weka kipimajoto, washa moto. Ya 1NZ ianze kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84, na ikifika 95 iwe imefunguka milimita 8.5 au zaidi. Ikitolewa iwache ipoe, ifunge kabisa. Isiyofunga kabisa ni sawa na kutokuwepo.

Bi Alteneta

Baada ya hapo kisomeo cha OBD, cha kusoma data, siyo kile cha taa. Fungua sehemu ya masahihisho ya mafuta (fuel trim, yaani asilimia ya mafuta ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza), ya muda mfupi na ya muda mrefu, injini ikiwa moto. Ya muda mrefu ikiwa kati ya −5 na +5 ni nzuri, mpaka 10 inavumilika. Utamu uko kwenye kulinganisha. Sailensi ikiwa +15 halafu mizunguko 2,500 ikashuka +3, kuna hewa inaingia kwa wizi: mpira uliopasuka au gasketi ya manifoldi. Ikiwa nzuri sailensi na inapanda ukikanyaga kwenye mlima, pampu imechoka, chujio la mafuta limeziba, au sensa ya hewa inasoma pungufu. Ikiwa −12 na kuendelea, nozeli inavuja, au valvu ya mvuke wa tangi imebaki wazi.

Sensa ya hewa safisha kwa dawa yake maalumu ya kupuliza, isiyoacha mafuta. Usitumie ya kabureta, na usiguse uzi wake kwa pamba. Iache ikauke dakika 10 kabla ya kuirudisha.

Sensa ya oksijeni iliyokufa ndiyo kubwa kuliko zote. Wizara ya nishati ya Marekani inasema hitilafu nzito kama hiyo ikirekebishwa, nafuu inaweza kufika mpaka asilimia 40. Halafu hao hao wanasema chujio la hewa chafu kwenye gari za nozeli halibadili ulaji wa mafuta, linapunguza mbio tu. Badilisha kwa ajili ya vumbi, usitarajie mafuta.

Nozeli Safi

Na breki zinazokaba. Chumvi inakausha pini za kalipa, pedi hazirudi. Endesha kilomita 10 bila kupiga breki kali mwishoni, egesha, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kugusa. Moja ikiwa na joto kuliko mwenzake, fungua, toa pini, piga msasa laini, paka grisi ya silikoni inayostahimili joto. Upepo wa tairi fuata kibandiko cha kwenye nguzo ya mlango wa dereva, upime asubuhi zikiwa baridi. Kila psi 1 ikipungua kwenye tairi zote unapoteza kama asilimia 0.2, kwa hiyo tairi zilizopungua psi 10 ni asilimia 2.

Mwenye kutaka kujaribu kidude chake ajaribu kwa haki. Jaza sheli ile ile, pampu ile ile, gari ikiwa imekaa upande ule ule, acha bunduki ikate yenyewe mara ya kwanza, usiongeze. Tumia angalau lita 25 kabla ya kujaza tena, maana mahali pa kukata panaweza kutofautiana kwa karibu lita nzima: kwenye lita 8 kosa hilo ni zaidi ya asilimia 12, kwenye lita 25 ni asilimia 4. Fanya bila kidude, kisha nacho, kisha bila tena, njia ile ile na mzigo ule ule. Raundi ya mwisho ndiyo inayofichua, kwa sababu mtu akishalipia kitu mguu wake wenyewe unakuwa mwepesi. Na usiondoe betri katikati ya jaribio, masahihisho yote ya mafuta yatafutika.

Chake Moja

Ahsanteni. Themostati nikiirudisha kwenye IST, ina upande?

Ami Kabureta

Ina upande, bwana. Springi inaingia ndani, upande wa injini. Ile pini ndogo inayochezacheza pembeni ielekee juu kabisa, isipinde zaidi ya nyuzi 10 kushoto wala kulia, hapo ndipo hewa inapotokea. Weka mpira mpya, wa zamani usirudie. Jaza kulenti (dawa ya maji ya rejeta) iliyochanganywa, usijaze maji ya kisima, chumvi yake inaozesha pampu ya maji. Washa injini kifuniko cha rejeta kikiwa wazi na hita ikiwa kwenye moto wa mwisho, minya mpira wa juu mara kwa mara, ongeza kadiri kiwango kinavyoshuka. Mpira wa chini ukianza kupata moto themostati imefunguka. Funga kifuniko, kesho yake injini ikiwa baridi kabisa angalia kiwango tena.